Poti za Databesi ya Klasta: Mlango Gani Ufungue, Gani Ufunge, na Ule Utakaokuchoma Stima Ikirudi

Kisumu hii hakuna msee hajui ngoma ya "fungua seva". Agosti 28, 2017, Mahakama ya Upeo iliagiza IEBC iwape walalamishi nafasi ya kucheki seva zake. Haikutii vile iliambiwa, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Kutoka hapo, kuanzia Kondele mpaka Obunga, ata mtu hajawahi shika kompyuta anajua seva ni kitu ya kufunguliwa.

Lakini cheki kitu moja watu walipita nayo. Korti haikusema seva iachwe wazi ka choo ya soko. Ilisema wapewe ruhusa ya kusoma tu. Mlango mmoja, watu fulani, kazi fulani. Hiyo ndio hesabu yote ya poti, na ndio wasee wengi wanaoanza kazi ya IT hukosea. Wanafungua kila kitu ndio "ishike", alafu wanasahau kufunga.

Leo tunaongea poti za databesi inayokaa kwa klasta. Ka unafanya kozi ya kompyuta, ka unaendesha mfumo wa biashara ya mtu, ama umepewa seva tatu ukaambiwa "zifanye ziongee", keti hapa.

Kwanza, poti ni nini

Si ile bandari ya Kisumu ya meli. Chukua ploti ya kupanga hapa Obunga. Geti ni moja, lakini ndani kuna milango imeandikwa namba. Ukija na chapo za mtu wa namba saba, hugongi namba mbili. Anwani ya IP ndio ploti. Poti ndio namba ya mlango. Nyuma ya kila mlango kuna programu imekaa inasikiza. Ka hakuna programu, mlango upo lakini hakuna mtu wa kuitika.

Namba zinaenda mpaka 65535. Zile za chini ya 1024 ni za wakubwa wa mtaa: 22 ya SSH, 80 na 443 za wavuti. Databesi nyingi ziko juu ya hapo. MySQL na MariaDB zinakaa 3306, PostgreSQL 5432, MongoDB 27017.

Na klasta? Fikiria chama. Badala ya mama mmoja kushika kitabu cha hesabu, wamama watatu wana vitabu vitatu vinavyofanana, na hakuna shilingi inaandikwa kwa kimoja bila wengine kujua. Mmoja akiugua, chama inaendelea. Kompyuta ni vile vile: seva tatu, kila moja inaitwa nodi, zote zina data moja.

Hapo ndipo shida ya poti inaanzia. Databesi moja pekee yake inahitaji mlango mmoja tu, wa wateja. Klasta inahitaji pia milango ya nyuma, ile wamama wanatumia kuongea wenyewe kwa wenyewe. Mwongozo mwingi wa haraka haraka unakuonyesha ule wa mbele unakuacha hapo.

Tuchukue mfano wa hapa hapa

Obunga inajulikana kwa mgongo wazi. Mbuta inavuliwa ziwani, viwanda vinatoa mnofu unaenda ng'ambo, na ile mifupa inayobaki na kichwa inakuja mtaani, inakaangwa, inauzwa, inalisha watu. Ni biashara ya oda, mkopo na asubuhi mapema. Tuseme kuna mbogi ya vijana wameundia wauzaji mfumo: nani ameagiza ndoo ngapi, nani amelipa na M-Pesa, nani ana deni. Data ikipotea, mtu atadai alilipa na mwingine atakataa, na unajua vile hiyo stori huishia.

Wameamua kutumia MariaDB na Galera, ju ni ya bure na kila nodi inaweza kuandikiwa. Wana seva tatu kwa mtandao wa ndani: 10.10.0.11, 10.10.0.12 na 10.10.0.13. Apu yao iko kwa mashine ya nne, 10.10.0.20.

Kwa nini tatu na si mbili? Kura. Nodi mbili zikikosa kuonana, kila moja inafikiria mwenzake amededi, na hakuna mwenye wingi wa kura. Zote zinakataa kazi. Zikiwa tatu, mbili zinazoonana zinaendelea na ile ya kando inanyamaza. Ka doh haitoshi seva ya tatu kamili, kuna kitu inaitwa garbd, programu ndogo inayopiga kura tu bila kuweka data. Hiyo inahitaji 4567 peke yake kuongea na wengine.

Milango minne ya Galera

3306 ndio ya wateja. Apu inaingia hapa, wewe pia ukitaka kuandika SQL kutoka mashine nyingine unaingia hapa.

4567 ndio baraza. Nodi zinapitisha hapa kila mabadiliko na kura zote. Inatumia TCP, UDP unaihitaji tu ka umeweka malticasti, na wengi hawajaweka. Hii ikifungwa kati ya nodi moja na wenzake, hiyo nodi itajitoa kwa klasta na ukiiuliza kitu itakurushia ERROR 1047. Databesi iko sawa, imekataa tu kukudanganya.

Sasa 4568 na 4444. Hizi ndizo zitakuchoma, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Nodi ikizimika alafu irudi, iko nyuma. Kuna mauzo yaliandikwa ikiwa imelala. Ka ilikosa kidogo tu, mwenzake anampa zile kurasa alizokosa: hiyo inaitwa IST, na inapitia 4568. Kurasa hizo zinatoka kwa gcache, na saizi ya kawaida ya gcache ni megabaiti 128 tu. Ka alikosa mengi kuliko yale yaliyo kwa gcache, haiwezekani tena kumpa kurasa. Lazima apewe kitabu kizima upya. Hiyo ni SST, na inapitia 4444.

Ujanja uko hapa: hizo poti mbili hazisikizi kila saa. Zinafunguka tu ile dakika nodi inaomba data. Kwa hivyo unaweza kufunga 4568 na 4444 kwa fayawoli na klasta ikakimbia miezi sita bila shida. Unajipiga kifua. Alafu siku moja stima inapotea Kisumu, seva moja inazimika masaa manne, stima inarudi, nodi inaamka, inaomba kitabu, inagonga ukuta. Inajaribu, inasanda, inazima. Unabaki na mbili. Stima ikipotea tena na moja ya hizo mbili ianguke ghafla, ile imebaki haina wingi wa kura, na wauzaji wamesimama na ndoo saa kumi na moja asubuhi.

Na hakuna kitu uligusa siku hiyo. Kosa ulifanya ile siku ya kwanza.

Kuandika faili

Kwa Ubuntu ama Debian, mpangilio uko ndani ya /etc/mysql/mariadb.conf.d/. Kwa nodi ya kwanza inakaa hivi:

[galera]
wsrep_on=ON
wsrep_provider=/usr/lib/galera/libgalera_smm.so
wsrep_cluster_name="mgongowazi"
wsrep_cluster_address="gcomm://10.10.0.11,10.10.0.12,10.10.0.13"
wsrep_node_address="10.10.0.11"
wsrep_sst_method=mariabackup
binlog_format=ROW
default_storage_engine=InnoDB
innodb_autoinc_lock_mode=2
bind-address=10.10.0.11
wsrep_provider_options="gmcast.listen_addr=tcp://10.10.0.11:4567"

Mariabackup inataka pia paketi yake na mtumiaji wake wa databesi, usisahau. Lakini ile mistari miwili ya mwisho ndio ya leo.

Watu wengi wanajua bind-address. Ukiinstoli MariaDB kwa Debian ama Ubuntu inakuja ikiwa 127.0.0.1, maana yake databesi inajiongelesha yenyewe tu. Unabadilisha iwe IP ya ndani. Usiweke 0.0.0.0 ati ndio "ishike kila mahali", ju hapo unasema isikize kwa kila kadi ya mtandao, hata ile inayoangalia intaneti.

Kile wengi hawajui: bind-address inashika 3306 pekee. Haigusi 4567. Galera yenyewe, usipoiambia kitu, inasikiza 4567 kwa 0.0.0.0. Msee anaangalia faili yake, anaona bind-address imekaa fiti, analala usingizi, na baraza lote liko wazi nje. Ndio maana ya huo mstari wa gmcast.listen_addr.

Na manze, 4567 wazi ni mbaya kushinda 3306 wazi. Kwa 3306 angalau kuna paswadi. Kwa 4567, ka haujaweka TLS, mtu akijua jina la klasta yako anaweza kuleta nodi yake, aseme yeye ni mwanachama, na klasta imkabidhi nakala ya databesi nzima kwa roho safi kupitia SST. Haibi. Anapewa.

Fayawoli

Kwa Ubuntu tumia ufw. Kabla ya kitu chochote, ruhusu SSH. Ukiwasha ufw kwanza kabla ya kuruhusu 22, utajifungia nje ya seva yako ka mtu aliyesahau funguo ndani ya keja, na ka seva iko mbali ni safari.

sudo ufw allow 22/tcp
sudo ufw default deny incoming

Alafu kwa nodi ya kwanza, ruhusu wenzake wawili na apu:

sudo ufw allow from 10.10.0.12 to any port 4444,4567,4568 proto tcp
sudo ufw allow from 10.10.0.13 to any port 4444,4567,4568 proto tcp
sudo ufw allow from 10.10.0.20 to any port 3306 proto tcp
sudo ufw enable

Rudia kwa zile mbili zingine ukibadilisha IP. Hapa makosa ya kunakili ni mengi: mtu anabandika amri za nodi ya kwanza kwa nodi ya pili, kwa hivyo nodi ya pili inajiruhusu yenyewe na kumfungia ya kwanza nje. Ukimaliza, piga sudo ufw status numbered kwa kila moja na usome mstari kwa mstari.

Kumbuka kuna fayawoli mbili ka seva ni za kukodi kwa klaudi. Kuna ile ya ndani ya mashine na kuna ile ya kampuni iliyokukodisha, unaiona kwa dashibodi yao. Lazima zote mbili zikubali. Ka unatumia Rocky ama AlmaLinux kuna firewalld badala ya ufw, na juu yake SELinux, ambayo inaweza kukataza poti ata ka fayawoli imekubali. Dawa yake ni amri ya semanage port, na si kuzima SELinux yote vile utaambiwa na kila mtu.

Swali la M-Pesa huulizwa sana: "Si lazima nifungue databesi ndio malipo yaingie?" Zii. Taarifa ya malipo inakuja kwa seva ya wavuti, kwa HTTPS, poti 443. Seva ya wavuti ndio inaandika kwa databesi, ndani kwa ndani. Hakuna siku Daraja itagonga 3306 yako.

Docker inakupita hivi hivi

Aside ya haraka lakini ya maana. Ukirusha databesi kwa Docker na uandike -p 3306:3306, Docker inaweka sheria zake kwa iptables, na hiyo trafiki haipitii pale ufw inakagua. Kwa hivyo ufw itakuambia 3306 imefungwa, na kwa ground iko wazi kwa dunia nzima. Andika -p 10.10.0.11:3306:3306, yaani taja IP ya ndani. Wasee wazoefu wameumia na hii.

Kujaribu ka milango inafunguka

Kwa nodi yenyewe, piga sudo ss -tlnp. Itakuonyesha nani anasikiza wapi. Unataka kuona 3306 na 4567 kwa IP ya ndani. Kutoona 4444 na 4568 si tatizo, tumeshasema hizo huamka kwa kazi.

Kutoka nodi nyingine, piga nc -vz 10.10.0.11 4567. Majibu ni ya aina tatu, na tofauti yake ni dhahabu. Ikishika, safi. Ikikataliwa papo hapo, maana yake kwa kawaida ulifika mlangoni lakini hakuna programu ndani; databesi imezimwa ama inasikiza IP nyingine. Ikikaa kimya mpaka muda uishe, kuna fayawoli imemeza ombi lako njiani. Usiende kuhariri faili ya MariaDB wakati shida ni fayawoli. Hapo ndipo watu hupoteza usiku mzima.

Kwa 4444, ambayo hailindwi na mtu saa hizi, weka mlinzi wa muda. Kwa nodi ya kwanza piga nc -l 4444, alafu kwa ya pili nc -vz 10.10.0.11 4444. Ikishika, njia iko. Fanya kwa pande zote mbili, ju hujui ni nani ataanguka kwanza.

Ka nodi ziko mahali tofauti

Kuna mtu atasema, mi nataka nodi moja Obunga, moja Kondele, moja kwa klaudi. Inawezekana, lakini laini nyingi za simu zinakuweka nyuma ya NAT ya kampuni: hauna IP yako mwenyewe ya nje, kwa hivyo hakuna poti utafungua kwa ruta ikafanya kazi. Usipambane nayo. Weka WireGuard: nodi moja yenye IP ya nje inafungua UDP 51820, zingine zinaiunganishia, na zote zinapata IP za ndani ya handaki. Alafu Galera inatumia hizo IP za handaki. Kwa nje unabaki na poti moja tu ya kulinda badala ya nne, na kila kitu kimefichwa njiani. Ubaya wake ni kwamba hiyo nodi ikidedi, handaki zote zimekufa, kwa hivyo ka unaweza pata IP ya nje kwa nodi mbili, afadhali.

Tahadhari tu: kila ukihifadhi kitu, Galera inangoja kikubaliwe mpaka kwa nodi ya mbali zaidi. Kutoka hapa hadi Ulaya na kurudi ni zaidi ya milisekunde mia. Mteja wa mgongo wazi hatajua hizo ni nini, lakini atajua apu yako ni ya polepole.

Ka hautumii Galera

Kanuni ni ile ile, namba zinabadilika. MySQL Group Replication inatumia 3306 na kwa kawaida 33061 ya nyuma. PostgreSQL ni 5432. Ukiiwekea Patroni ongeza 8008, na etcd 2379 na 2380. MongoDB ni 27017 pande zote. Cassandra ina 9042 ya wateja na 7000 ya nodi, ama 7001 ukiweka TLS kwa matoleo ya zamani. SQL Server ni 1433, na vikundi vya kupokezana hutumia 5022. Redis Cluster ina mtego wake: poti ya nyuma ni ile ya mbele ukiongeza 10000. Umefungua 6379? Fungua 16379 pia, ama nodi hazitawahi kuonana na utalaumu Redis bure.

Kwa nini kelele yote hii

Januari 25, 2003, mdudu anaitwa SQL Slammer aliingia dunia nzima kupitia UDP 1434 ya SQL Server. Alikuwa wa baiti 376, mdogo kuliko meseji ndefu ya ex wako, na aliambukiza zaidi ya mashine 70,000, nyingi zake ndani ya dakika kumi. Microsoft walikuwa wametoa dawa miezi sita kabla. Lakini wengi hawakuwa wameweka, na ile poti haikuwa na sababu ya kuwa wazi kwa intaneti.

Mwanzo wa 2017 ikawa zamu ya MongoDB. Maelfu kwa maelfu ya databesi zilizoachwa wazi kwa 27017 bila paswadi zilifutwa, na mahali pa data pakaachwa barua ya kudai bitcoin. Wengine walilipa na hawakurudishiwa kitu. Mwaka huo huo, toleo la 3.6 likaanza kusikiza ndani tu mpaka mwenyewe aseme vingine.

Usifikiri eti seva yako ni ndogo na hakuna mtu anaijua. Kuna mashine kazi yake ni kugonga milango ya intaneti yote mchana na usiku. Kubadilisha 3306 iwe 13306 kunapunguza kelele kwa logi, hakumzuii mtu. Na wewe pia usijifanye mjanja ukagonge za wengine: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inasema kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini ya mpaka milioni 5, ama miaka 3 ndani, ama zote mbili. Na ka data ya wateja wako ikivuja kwa njia inayoweza kuwaumiza, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya masaa 72.

Mtihani wa kufanya kabla stima haijaufanya

Chagua saa biashara imelala. Hakikisha una bakapu, na iko nje ya hizo seva tatu. Kwa nodi ya tatu, zima MariaDB:

sudo systemctl stop mariadb

Alafu ondoa faili ya /var/lib/mysql/grastate.dat. Bila hiyo, nodi haijui iliachia wapi, kwa hivyo lazima iombe kitabu kizima. Iwashe tena na sudo systemctl start mariadb, na usiguse kitu. Ka data ni nyingi itachukua muda.

Kwa dirisha lingine fungua journalctl -u mariadb -f uangalie. Ikiomba SST alafu ikae hapo mpaka isande, rudi kwa 4444, na uanze na fayawoli ya hiyo nodi ya tatu, ju anayepokea ndiye anasikiza. Ikipita, ingia kwa databesi uandike SHOW STATUS LIKE 'wsrep_cluster_size'. Na ungoje irudishe 3. Ukiona 3, rudia na nodi ya pili, alafu ya kwanza.